Koko wa Ndani ya Tableti

Siku ya pili, tarehe 2, mwezi wa sita

Mara nane. Sentensi moja mbele ya mikro, mara nane. "Muende na Mungu, watoto wangu. Mimi nimekwisha kuishi." Mara ya kwanza kuku aliharibu. Mara ya tatu moto, pikipiki ya kubeba watu, ikapita na klaksoni yake. Mara ya tano mvua juu ya mabati. Solange anasema sauti yangu iko ya mwalimu, haiko ya koko, bibi muzee. Bon, mimi niko mwalimu. Atafute koko wa kweli basi. Anasema makoko wote wa hapa Kibua wanacheka wakiona mikro.

Tunarekodia ndani ya stoki, gala ya parokia, matela mbili za kulalia zimesimamishwa kwa ukuta. Jasho tupu. Kiisha narudi darasani, kopi za hesabu za wanafunzi zinaningoja.

Solange alitoka Goma na tableti tatu na sahani yake ya kuvuta umeme wa jua. Anatengeneza muchezo wa video. Familia inakimbia vita, na wewe unayecheza njo unachagua wabebe nini na wapite wapi. Kitunga cha mama, kikapu chake, kiko na uzito. Ukijaza sana, mama anatembea polepole. Akitembea polepole, hawavuki mto. Anazunguka kwa watu waliokimbia, anaomba habari zao, anaziingiza. Mimi nilimupa ya koko aliyebaki nyumbani. Nilisema ni ya jirani yangu wa Nyamitaba.

Bwana yangu iko nyuma ya nyumba, anapiga randa ubao. Musalaba ya mama yake.

Siku ya tano, tarehe 5

Wanasema barabara imefunguka kidogo. Bwana yangu ameamua: ataenda Nyamitaba, kwetu Masisi, kabla mwezi uishe, kusimamisha musalaba juu ya kaburi ya mama yake na kumaliza kilio. Kilio iko wazi miaka mbili. Anasema ni kama kulala bila kufunga mulango.

Akanipa karatasi. Nimuchorie kaburi iko wapi.

Nikachora. Nyumba. Zizi. Muti wa avoka, wa maparachichi. Kaburi chini ya avoka, kichwa upande wa kilima. Niliandika hata hatua, kumi na mbili kutoka mulango wa jikoni.

Kaburi haiko. Naandika hapa kwa sababu sina pahali pengine pa kuisemea. Ile asubui ya kukimbia risasi zilitokea upande wa juu. Bwana yangu alikuwa huku Walikale, anachimba madini. Mimi nilikuwa na Espoir wa miezi tano mugongoni, Asifiwe wa miaka ine kwa mukono, na mama mukwe wangu, miguu yake imevimba, bila kushikwa hata mulangoni hafiki. Nilimuacha. Muzima. Bwana yangu nilimuambia homa ilimuchukua wiki mbili kabla ya vita, na kwamba nilimuzika vizuri.

Niliogopa. Hakuna sababu ingine. Asifiwe hakumbuki, ao anakumbuka na ananyamaza. Sijamuuliza hata siku moja.

Siku ya Mungu, tarehe 7

Kiisha misa Solange alipanga tableti kwa baraza ya nyumba ya masomo. Watu tele. Papa Musafiri, muwindaji, alishika tableti mara moja tu akakasirika: hii familia inaingia pori ya watu bila hodi, bila hata chumvi ya kumupa mwenyeji? Watapotea, na haki yao! Solange aliandika yote. Hodi itaingia, na chumvi itaingia.

Mama Riziki alijaza sufuria ndani ya kitunga, watu wa bunduki wakamukamatia kwenye mto. Kicheko! "Mama Riziki, hata kwa muchezo huachi sufuria!" Yeye mwenyewe alicheka mpaka machozi. Akaanza upya. Akaacha sufuria, akavuka. Wote tunajua dada yake alibakia ndani ya mto siku ya kukimbia.

Katekista akasema vita haichezewi, ni zambi. Mama Riziki hakuinua kichwa. "Katekista, miaka mbili watu wananiambia pole. Hii njo kitu ya kwanza inaniuliza mimi ningefanya nini." Katekista akatafuta kofia yake.

Bwana yangu hakucheza. Michezo ni ya watoto, anasema. Nilishukuru Mungu.

Nilimuvuta Solange kando. Nikamuambia: toa ile ya koko. Akashangaa. Bila koko, anasema, muchezo ni kutembea tu, muntu anacheza, anasahau, anaenda kulala. Kiisha akasema kwa upole: muulize jirani yako, akikataa, nitatoa. Jirani yangu! Njia ya muongo ni fupi, na mimi yangu niliifyeka mwenyewe na panga.

Siku ya pili, tarehe 9

Amecheza.

Ni Papa Musafiri alimuchokoza. Eti muntu wa ngombe, mufugaji, anaogopa kioo cha tableti. Wakacheka, na bwana yangu hapendi kuchekwa, akashika tableti. Mimi nilikuwa natoka darasani. Nilisimama nyuma yake na daftari kwa kifua. Ningeweza kuondoka. Sikuondoka.

Nyumba. Ndani ya kioo, mama anafunga mutoto mugongoni. Koko ameikala chini, kitunga cha maharagi kati ya miguu, anachambua. Nyeupe kuume, nyekundu kushoto. Zile zimetobolewa na wadudu anatupa nyuma ya bega, bila kuangalia.

Ile ya nyuma ya bega ni mimi nilimuambia Solange. Mupumbavu mimi. Nilishabadilisha jina, kilima, hesabu ya watoto, nikataka kitu kimoja tu kikae cha kweli. Masisi muzima hakuna mama mwengine alichambua vile. Kuku wake walizoea, walikuwa wanangojea pale nyuma.

Kidole cha bwana yangu kikasimama. Sauti ikatoka: Muende na Mungu, watoto wangu. Sauti yangu. Mara ya nane, ile Solange alipenda.

Hakugeuka. Niliona shingo yake tu.

Siku ya tatu, tarehe 10

Asubui bwana yangu alienda kwa baraza, akaomba tableti, akacheza mpaka saa sita. Mimi niko darasani, dirisha iko wazi, naona yote.

Anabeba koko: wanakamatwa kilimani. Anabeba koko, anatupa kitunga: wanavuka, lakini siku ya tatu mutoto mudogo anakufa na njaa. Anangoja risasi zinyamaze: hazinyamazi. Anaficha koko ndani ya migomba na anamurudilia: njia imefungwa. Mara moja alimuacha Asifiwe pamoja na koko. Ndani ya muchezo mutoto yule haitwi Asifiwe. Niligeuka, sikuangalia mwisho.

Anaanza upya. Anaanza upya. Solange alimuletea chai, ikapoa.

Nimesahihisha vibaya. Watoto wazuri niliwapa sifuri. Nitarudilia kopi zote.

Siku ya ine, tarehe 11

Ameniuliza. Jikoni, nikisonga bugali. Swali moja: ni mama mwenyewe alisema muende?

Neno "ndiyo" lilikuwa kwa ulimi wangu. Muchezo ulishaisema kwa niaba yangu. Nikasema hapana.

Nikamuambia vyote. Mama yake hakubariki muntu. Ule mwaka tulishakimbia mara tatu, na kila mara tunarudi magaribi, jua likizama. Alifikiri ni vile vile. Aliomba maharagi, mikono isikae bure. Akauliza: mutarudi saa ngapi? Nikajibu magaribi. Na nilijua haiko magaribi. Nilishaona moshi upande wa soko. Nilimuwekea maji, ndizi za kuchoma, nikaegesha mulango. Njo vile. Ile sentensi ya Mungu niliitunga mbele ya Solange, sababu nilikuwa nahitaji muntu anisamehe, na hakukuwa na muntu.

Bugali iliungua. Bwana yangu akaiondoa juu ya moto. Kiisha akasema: "Juu ya kumuacha, nimejaribu siku mbili kumubeba, na mimi sikupata njia. Lakini kaburi ulichora. Mama Asifiwe, ulichora hata muti wa avoka."

Mbele yake nilijikaza. Hapa nalia, karatasi inalowana, nitaandika upande mwengine.

Siku ya sita, ya posho, tarehe 13

Ameenda. Atapanda moto mpaka pahali wanaruhusu, kiisha miguu. Musalaba amefunga na kamba ya ngombe mugongoni. Nilimuambia unaipeleka wapi, kaburi haiko. Akasema atauliza watu. Nikamuambia njia ni mbaya. Akajibu anaijua, ameshaipita mara nyingi na kidole.

Watoto aliwaaga, mumoja mumoja. Mimi hapana.

Dereva wa moto amesema akiwakuta watu wa bunduki atawaambia abiria wake ni muntu wa kilio. Wakati mwengine wanaheshimu. Wakati mwengine.

Siku ya kwanza, tarehe 15

Hakuna habari. Rezo ya simu haiko. Niliuliza kila dereva. Mumoja alinifokea.

Siku ya ine, tarehe 18

Risasi upande wa Masisi, njo wanasema. Espoir ana homa. Asifiwe anauliza papa atarudi saa ngapi. Nikatoka inje.

Nina hasira. Na bwana yangu, anaenda kufa kwa sababu ya ubao. Na Solange, na masikio yake ya kusikiliza. Na mama mukwe wangu: angekufa na homa kweli, kabla, kwa kitanda chake, tukaimba, tukakula, tukamaliza. Nimeandika. Sifuti.

Siku ya tano, tarehe 19

Nimemuambia Solange hakuna jirani.

Alilia. Sikupenda. Mwenye kulia ni mimi, na mimi niko na kopi. Akasema atatoa kipande chote cha koko leo hii, hata saa hii. Nilifikiri sana, nikasema hapana, ibaki. Lakini isidanganye. Tuliingia ndani ya stoki kati ya matela, nikakaa chini, miguu mbele kama mama mukwe wangu. Nikasema: "Mutarudi saa ngapi?" Mara moja tu. Kuku hakulia, mvua haikupiga. Solange hakuomba nirudilie.

Sasa anayecheza atachagua mwenyewe jibu lake. Solange ameweka matatu: magaribi, kesho, ao kutoka bila kusema kitu. Nilijaribu yote. Koko anaendelea kuchambua.

Jina langu nilikataza aandike.

Siku ya tatu, tarehe 24

Amerudi. Saa nane za mchana, kwa miguu, ndala moja imekatika. Espoir alikimbia akamushika mguu na hakuachilia. Asifiwe alisimama mbali kidogo, akimuangalia kwanza kama ni yeye.

Alikunywa vikombe viwili. Nilimupa bugali na sombe, majani ya muhogo, akakula yote. Mimi nilibaki nimesimama. Kiisha akasema, bila kuinua sauti: kaburi iko. Watu wawili wa juu ya kilima, mama na kijana wake, hawakukimbia, wao njo walimuzika, kando ya njia ya kisima. Kaburi nzuri, wamezungusha mawe. Musalaba umesimama. Alisali na wao. Kilio imekwisha.

Nyumba haiko, akasema. Hiyo nilikuwa najua.

Halafu nikauliza. Siku tulitoka Nyamitaba naijua, haitatoka kichwani. Nikauliza: walimuzika siku gani?

Aliniangalia machoni. Tangu ile siku ya jikoni hakuwa amefanya hivyo. Niliona anajua, na niliona siku mama yake alingoja peke yake siyo moja, wala mbili.

"Hiyo hapana," akasema. "Hiyo niachie mimi."

Nilitaka kumulazimisha. Nikaacha. Sijui kunificha vile ni huruma ao ni azabu. Labda na yeye hajui.

Akaomba maji ya kuoga. Nimeweka sufuria juu ya moto. Yeye ameikala inje, Espoir amelala juu ya magoti yake. Kuni ziko mbichi, maji yanakawia.