Siku Hanan Alipoeleza Asili Yetu

Majengo, Nyeri

Kaka Shakir,

Sisi tu wazima, na mvua imeanza vizuri. Mama anakusalimu.

Mdogo wetu Hanan sasa ni mtafiti wa vinasaba. Juzi alituletea majibu ya vipimo vya mate aliyochukua kwetu Majengo na kwa wakulima wa Kianyaga. Ukumbi ulijaa. Mzee Munene wa huko Kianyaga, aliyekunyima binti yake Wangui ati huna kwenu, aliketi mbele.

"Ati hawa watu wa Majengo walitoka wapi?" akauliza.

"Kila upande, mzee, kama nyinyi," Hanan akamjibu kwa adabu. "Mababu wa kila mtu humu walihama, wakakutana, wakaoana. Na upande wa akina mama, wengi wetu na wengi wenu tunatokana na nyanya mmoja wa kale."

Nilipiga vigelegele, kaka, bila kujali macho ya watu!

Munene alinifuata mlangoni. "Ambia Shakir nilikosea," akasema.

Wangui aliolewa Mwea mwaka jana. Nilishindwa kukuambia. Lia ukitaka, kisha njoo umpongeze mdogo wako.

Dada yako mwenye fahari,
Mwanasiti