Kinanda Alichokiacha Babu

Jumatatu, 2 Juni

Kitufe cha tatu mkono wa kulia kimenishinda tena. Ukivuta kinanda kinatoa sauti hii, ukisukuma kinatoa nyingine. Na kidole hakijahama. Mzee Ambwene anasema kinanda cha mkono ndivyo kilivyo, hakitaki papara. Mimi sina papara. Nina mikono mizito tu, ya kubandua matairi.

Yeye anakaa chumba cha mbele, mimi cha uani, hapa hapa Iyunga. Jioni nikifunga kijiwe changu cha pancha naenda kwake. Zamani alikuwaga anapiga kanisani. Leo kanicheka.

"Wewe Mhehe, unakamua ng'ombe au unapiga kinanda?"

Nikacheka na mimi.

Alhamisi, 5 Juni

Mama kapiga simu kutoka nyumbani, Tosamaganga. Bibi amemuuliza tena yeye ni nani. Mama ndiye anamwogesha, anamlisha, halafu anaulizwa yeye ni nani.

Mimi Krismasi aliniita mgeni. Akanipa kiti, kama mtu wa sensa. Bibi huyu ndiye kanilea toka baba afariki. Nilikuwa nakula sahani moja na yeye. Akanipa kiti. Niliumia. Bado naumia.

Kitu kimoja hajasahau. Akipukuchua mahindi anaimba kafunga mdomo, wimbo wa babu. Babu alikuwa anaupiga kwa hiki kinanda. Alienda migodini Sauzi, akaja likizo, akaondoka alfajiri Bibi amelala. Hakuaga. Hakurudi. Kinanda kikabaki darini mpaka mimi nilipokishusha.

Nikiupiga ule wimbo ataniangalia. Atanijua. Sitaki kingine.

Jumapili, 8 Juni

Nimeharibu.

Baridi kali leo. Ngozi ya kinanda, ile inayokunjuka ukivuta, ilikuwa ngumu, nikakiweka karibu na jiko la mkaa kipate joto. Si ndivyo tunavyofanya huku, soksi, watoto, wazee, kila kitu kwenye jiko. Kumbe ndani vile vibati vinavyolia vimeshikwa na nta. Ikayeyuka. Vikadondoka, ukitikisa vinagongana kama njugu. Na ngozi ikapasuka.

Nilikaa nakiangalia tu. Kitu pekee cha babu.

Jumatatu, 9 Juni

Mzee Ambwene hakunigombeza. Nilitaka anigombeze. Kaagiza nta kwa mama anayeuza asali, akabandika kibati kimoja kimoja, miwani puani. Ngozi nikaziba mwenyewe, solusheni na kiraka cha tyubu. Hapo najua.

Kinalia. Kinakoroma kidogo.

Jumatano, 18 Juni

Wimbo umekubali. Wote, mwanzo mpaka mwisho. Mzee alikuwa anakunywa chai, akaweka kikombe chini. Mimi mtu hajawahi kuniwekea kikombe chini.

Mama anasema Bibi hali chakula vizuri. Naenda mwisho wa mwezi. Naogopa.

Jumamosi, 28 Juni

Niko nyumbani. Nilimsalimia Bibi, kamwene, akaitikia kama anavyoitikia mpita njia. Mama akasema nipumzike kwanza. Sikuweza. Nikavuta kigoda mbele yake, nikapiga.

Mikono yake ikasimama kwenye hindi. Akaniangalia. Akaniangalia sana.

"Mume wangu," akasema. "Umekuja."

Huo ndio utani wetu. Bibi kumwita mjukuu mume, huku ni kawaida. Toka natambaa ananiita hivyo, ananidai kitenge mbele za watu. Nikajua amenijua. Nikalia, mimi ambaye silii. Mama naye. Nikamjibu kama zamani, mke wangu umepika nini leo.

Akainuka mwenyewe. Akaleta maji ya kunawa. Akapiga magoti.

Bibi hajawahi kunipigia magoti. Kwenye utani wetu maji naleta mimi.

Akasema polepole, kama anaona aibu, "Danieli ameanza kutembea. Umemkuta anatembea."

Danieli ni baba yangu. Kaburi lake liko pale nyuma ya mianzi.

Jumapili, 29 Juni

Amekula ugali wote. Anacheka. Mama anasema hajamwona hivi miaka mingi.

Nilijaribu mara moja. Nikamwambia, Bibi, ni mimi, Aidani. Uso ukabadilika. Akatafuta mlango kwa macho, akaanza kutetemeka. Nikachukua kinanda haraka. Akatulia.

Sitamwambia tena. Nilijifunza ili anijue, na nilivyojifunza vizuri ndivyo nilivyopotea. Nimekaa naye siku nzima, kanishika mkono, na mimi sipo. Inauma mpaka najiona mjinga.

Jumatatu, 30 Juni

Asubuhi. Jua limetoka, nimesubiri litoke.

Usiku Bibi hakulala. Alikaa chini pembeni ya kitanda changu, kashika mguu wa suruali yangu. Mama akamwambia akalale, akakataa. Anaogopa kuamka asimkute mume wake.

Kulivyokucha akachemsha viazi, akanifungia kwenye kitambaa. Yeye anajua likizo ya mume wake ni fupi. Mama anasema nibaki hata kesho. Siwezi. Nikibaki, leo tena hatalala, na mwili wake hauwezi. Mpaka aone ninaondoka ndipo atalala.

Kinanda nimeweka mapajani kwake. Kakifunika na kanga.

Lazima niende sasa, akiwa macho. Amekaa mlangoni, viazi bado vya moto. Babu hakumuaga. Naenda kumuaga.