Gari Lisilotaka Baridi

Alhamisi, Nyamira

Limewaka leo, tena bila kukohoa hata kidogo. Mimi ndiye niliyekuwa kwenye usukani, na ninajua nilichosikia.

Tangu nibadilishe kompyuta ya injini, gari hili lilikuwa likikataa kuwaka asubuhi. Moraa, dada yangu, ndiye fundi wa kompyuta hizo kule Kisii mjini. Kiasi cha mafuta ya kuwashia hurekebishwa injini ikiwa baridi kabisa, kwa hiyo kila siku ana jaribio moja tu, la alfajiri. Ikabidi alale hapa. Hakuwa amelala nyumbani tangu tumzike Baba.

Mama anampikia mboga za chinsaga, na kumtandikia kitanda chake cha zamani. Lakini leo aliposikia injini ikinguruma, alitoka jikoni na mwiko mkononi, uso umemshuka.

"Imepona?"

Moraa aliitazama laptopu aliyoiunganisha na gari. Namba zilikuwa zimetulia, hata mimi niliziona.

"Bado, Mama. Cheche zinachelewa kidogo. Nitajaribu tena kesho."

"Kesho ni Ijumaa, tunajiandaa kwa Sabato. Kaa tu mpaka Jumapili."

"Haya, Mama. Gari la huyu mwandishi wa habari lina kiburi kama mwenyewe."

Kazi yangu ni kuwauliza watu wana ushahidi gani. Nilizima injini, nikasema hata mimi nimesikia kasoro.