Mama Benedikta Milembe, Aliyezima Mashine Kabla ya Kujibu

Ni mwaka mmoja sasa, Mama, tangu mashine ya kusaga ya hapa Zagayu ilipofungwa siku nne mfululizo, na akina mama wakajitwika mahindi yao hadi kijiji cha pili bila mtu kulalamika. Walijua kwa nini imefungwa. Ulitutoka tarehe 14 Julai mwaka jana, saa nne asubuhi, hospitalini Bariadi, baada ya kifua kukubana miezi mitatu. Binti yako Lucy alikuwa ameshika mkono wako wa kulia. Nyamizi, kitinda mimba wako, alikuwa ametoka kuchota maji ya kukunawisha uso.

Tunakukumbuka ukiwa mlangoni pa mashine, kitenge kichwani, nyusi nyeupe kwa unga. Mgeni alipokuuliza mbona umezeeka haraka hivyo, ulijipangusa nyusi kwa kiganja ukamwambia, "Haya, nimekuwa binti tena." Tunakumbuka michembe ya viazi uliyoiweka mfukoni mwa sweta, ukiitafuna mmoja mmoja huku mahindi yanashuka. Kila mtu ulimsalimia kwa jina lake, na watoto waliotumwa kusaga uliwasalimia kwa majina ya bibi zao. Akija mzee, wewe ulikuwa wa kwanza kusema "Mwangaluka", hata kama una debe kichwani.

Na tunalikumbuka lile neno lako. Mashine inanguruma, mtu amefika mbele amekunja uso, anafoka kwamba amerukwa kwenye foleni, au unga wake umepungua, au umempendelea shemeji yako. Wewe ulimwonyesha kiganja. "Ngoja nizime mashine." Wala hukuwa na haraka ya kuizima. Ulisubiri mahindi yaliyokuwa juu yaishe, ukafunga mafuta, ukasimama ukiutazama mkanda unavyozunguka polepole hadi utulie. Ndipo ulipomgeukia. "Sasa nakusikia, baba. Sema." Mara nyingi mtu yule alisema kwa sauti ya kawaida jambo lile lile alilokuwa akilifokea, kwa kuwa hapakuwa tena na kelele ya kushindana nayo.

Nyumbani hapakuwa na mashine, lakini neno lilikuwepo. Baba aliporudi amechelewa akakuta chakula kimepoa, alianza kuuliza ugali gani huu wa baridi. Wewe uliinama ukaendelea kupuliza moto.

"Mama Masunga, nasema na wewe."

"Ngoja nizime mashine."

"Mashine gani? Iko kilomita mbili kutoka hapa."

"Ndiyo maana inachukua muda."

Baba alikuwa anacheka kabla hajakumbuka kwamba amekasirika.

Wengi wanadhani ulizaliwa mpole. Sisi wa nyumbani tunajua sivyo, na wewe mwenyewe hukupenda tulifiche. Zamani ulikuwa moto. Mwaka ule wa kwanza wa mashine, ndoo ya mahindi ya mteja mmoja haikuonekana, nawe ukamgeukia jirani yetu Kija, aliyekuwa amesimama karibu, ukamwita mwizi. Mashine ilikuwa inanguruma, kwa hiyo ulilazimika kupaza sauti, na foleni nzima ikasikia. Kija alijitwika ndoo yake, mahindi hayajasagwa, akaenda zake. Jioni ukiwa unafagia uliikuta ndoo iliyopotea nyuma ya magunia ya pumba, pale pale ulipoiweka kwa mikono yako.

Kesho yake asubuhi ulikwenda kwake. Alikuwa anapepeta mtama, na hakukupa kigoda.

"Nimekuja kuomba radhi, Kija. Ndoo nimeiona."

"Uliponiita mwizi tulikuwa wawili?"

"Hapana."

"Tulikuwa wangapi?"

"Kumi na wanane."

"Basi wakusanye."

Ukazunguka nyumba kwa nyumba ukiwaita, ukasimama mlangoni pa mashine iliyozimwa, ukayasema yote mbele yao. Tangu hapo Kija akija kusaga alikuwa anakutania, "Mama Masunga, mwizi wako nimefika. Linda ndoo." Mlicheka hivyo miaka ishirini. Ulituambia kwamba siku ile ulijibu kabla hujajua unajibu nini, na kwamba kuzima mashine ulikoanza baada ya hapo hakukuja kwa upole, kulikuja kwa aibu.

Sisi watoto wako kila mmoja alichukua chake. Masunga alichukua ule moto wako wa zamani. Lucy alichukua kicheko. Nyamizi yeye akiguswa hukimbia. Alikimbia darasa la tano, siku aliyosoma kwa sauti na darasa zima likacheka, akaja hadi kwenye mashine akakaa kati ya magunia, na shuleni hakurudi tena. Mara tatu ulimshika mkono kumrudisha, na mara tatu mliishia njiani kwa jinsi alivyotetemeka. Ukampa kalamu ya wino mzito awe anaandika majina ya wateja kwenye vifuniko vya ndoo. Siku moja ulimwambia, "Hata kukimbia ni kujibu, ng'wanone, mwanangu. Na wewe unajibu haraka kuliko Masunga." Hakukuelewa. Alidhani unamliwaza.

Sasa tukueleze jambo ambalo hukuliona.

Mdogo wako Januarius, uliyembeba mgongoni bibi alipofariki, wewe mwenyewe ukiwa na miaka kumi na miwili tu, hakuja ulipokuwa unaumwa. Tulimpigia huko Kiloleli, simu ikaita hadi ikakatika. Uliuliza habari zake kila siku. Siku ya mazishi alifika kaburi limeshafukiwa na watu wananawa mikono. Akasimama mbele ya waombolezaji akasema, "Mmemuua dada yangu kwa vumbi la unga. Mlimsikia anakohoa, mkamwacha asage."

Masunga aliinuka, akashikwa na wanaume wawili. Lakini aliyejibu ni Nyamizi. Nyamizi ambaye mbele ya wageni hamalizi sentensi, alisema kwa sauti iliyofika hadi kwenye masufuria, "Ungekuwa mwanamume, ungekuja akiwa hai."

Watu waliinamisha vichwa. Mjomba haambiwi hivyo na mpwa wake. Alichukua kofia yake akaondoka bila kula, na kwa miezi kumi na moja hatukumsikia.

Mashine ilibaki mikononi mwa Nyamizi. Watu walimsifu msibani, hata wengine walimwambia alisema kweli. Hakulala vizuri kwa sifa hizo. Kadiri siku zilivyokwenda aliona wazi alichokifanya. Mtoto wako wa kwanza kumlea, kabla hatujazaliwa sisi, alikuwa amemfukuza kaburini kwako. Na mwaka ukitimia bila mjomba kurudi, hasira hiyo ingekuwa ndiyo desturi ya nyumba yetu na ya kwake, na watoto wetu wangeikuta.

Mwezi uliopita, alasiri, foleni ikiwa ndefu, simu ilitetemeka mfukoni mwa gauni lake. Ilikuwa imeandikwa Mjomba Kiloleli. Kidole chake kilikwenda chenyewe kwenye kitufe chekundu, kikasimama hapo. Simu ikaita hadi ikanyamaza. Nyamizi akafunga mafuta.

"Wewe Nyamizi, mbona unazima nikifika mimi?" aliuliza Kija.

"Nisubiri kidogo, mama. Nina mtu wa kumjibu."

"Mchumba?"

"Mjomba."

Kija akaketi juu ya ndoo yake.

Nyamizi alisimama hadi mkanda ukatulia. Macho yake yalikwenda kwenye magunia, pale alipojificha darasa la tano, na kwa mara ya kwanza hakujifanya hajui anachotafuta. Alijiambia waziwazi, kama anayesoma jina kwenye kifuniko: ninaogopa, na ninataka kukimbia. Alipokwisha kujiambia hivyo, woga haukuondoka, lakini miguu ilikubali. Akatoka nje, akapiga yeye.

"Shikamoo, mjomba."

"Nani?"

"Nyamizi."

"Yule aliyesema mimi si mwanamume."

"Ndiye mimi."

Nyamizi akamwacha mjomba atafute neno lake.

"Nilikuwa namtaka baba yako. Nasikia mnaandaa misa."

"Baba yuko shambani, nitamwambia. Ila kabla hujakata, mjomba. Nilikutukana mbele ya watu. Nilikosa. Naomba radhi, na ukija nitaiomba tena mbele ya hao hao."

Alimsikia akihema. Kisha akasema, "Nilikuja, ujue. Nilifika mpaka getini hospitali, na maziwa nimeshika. Nikamwona anasukumwa kwenye kiti cha magurudumu. Nyamizi, alikuwa amekuwa mdogo kama mtoto. Nikarudi stendi. Mara ya pili sikufika hata getini."

"Na simu, mjomba?"

"Ningepokea niseme nini? Hata yale ya vumbi niliyasema kwa aibu. Nilitaka kosa liwe la mtu mwingine."

Nyamizi alikuwa na jibu mdomoni. "Mama alikuulizia kila siku." Lilikuwa jibu la kweli, na lingemchoma mjomba pale pale. Akalishika. Alimjua vizuri mtu anayekimbia, ameishi naye tangu darasa la tano. Siku hiyo ndipo alipokuelewa, Mama.

"Mjomba, hata mimi hukimbia," alisema. "Njoo kwenye misa. Njoo mapema."

Aliporudi ndani Kija alimtazama usoni. Alimpa ndoo yake tu.

Jumapili iliyofuata tulikaa uani kupanga majina ya tangazo hili. Lucy alikuwa amekuja kutoka Binza. Nyamizi alikuwa na daftari.

"Januarius asiandikwe," alisema Masunga. "Mtu aliyetuita wauaji, leo apewe mstari kwenye tangazo la mama yangu?"

Nyamizi aliinuka kama anayekwenda kutazama maharage jikoni.

"Maharage hayaungui, mdogo wangu," alisema Lucy. "Kaa."

Akakaa. Akatueleza habari za simu, za getini na za maziwa. Alieleza polepole, macho kwenye daftari, na safari hii alimaliza.

"Kwa hiyo umemwomba radhi bila kuniuliza," alisema Masunga.

"Tusi lilikuwa langu, kaka."

"Mimi sijamsamehe."

"Sijasema umsamehe. Nasema ni mdogo wake Mama. Hilo hata ukikasirika lipo."

Masunga alisukuma kiti akaenda zizini. Tulimsikia akimfokea fahali ambaye hakuwa amefanya kitu. Lucy alitaka kumfuata.

"Mwache," alisema Baba. "Anazima mashine."

Chai ilikuwa imepoa aliporudi. Alibaki amesimama. "Akija, asiongee habari za vumbi."

"Na wewe usiongee habari za simu," alisema Lucy.

"Basi tutakaa mabubu wawili."

"Haidhuru, misa ina kwaya," alisema Baba. Kisha akamgeukia Nyamizi. "Andika."

Mjomba Januarius amefika Alhamisi, siku mbili kabla ya misa. Masunga alikuwa uani anatengeneza jembe la plau. Aliifuta mikono kwenye suruali, akampokea begi, akaliingiza ndani. Hawakusalimiana hadi walipokuwa wanakula, na salamu yenyewe ilikuwa fupi. Nyamizi aliwaita Kija na majirani waliokuwepo msibani, akasimama mbele yao akaomba radhi kama alivyoahidi. Sauti yake ilififia mara mbili, akaianza upya mara mbili. Mjomba alimshika kichwa. Kisha yeye naye akasimama, bila kuombwa na mtu, akatutaka radhi sisi sote kwa yale ya vumbi. Kwamba ulikuwa ukimuulizia kila siku tulimwambia baadaye, akiwa amekwisha kula, amekaa karibu na Baba. Alilia kwa muda mrefu. Hakuna aliyekimbia.

Hatujawa wapole wote, Mama. Masunga bado huwaka, na juzi Lucy amegombana na mteja dukani kwake kwa ajili ya kiberiti. Nyamizi bado mashavu yanampata moto akiitwa mbele ya watu. Lakini nyumba yako inakaa, na hakuna mtu wa kwako aliyebaki nje.

Misa ya kumkumbuka mpendwa wetu Benedikta Milembe itasomwa kigangoni Zagayu Jumamosi saa tatu asubuhi, kisha tutakwenda kaburini na baadaye nyumbani kwa chakula. Karibuni nyote, hata wale mnaodhani mlikosana naye. Hakuwa na kinyongo na mtu.

Wanaokukumbuka ni mume wako Machibya. Watoto wako Masunga, Lucy na Nyamizi. Wakwe na wajukuu zako sita. Jirani na rafiki yako Kija. Na mdogo wako Januarius wa Kiloleli. Jina hili la mwisho Masunga aliomba daftari alione mwenyewe jana usiku. Alilisoma kwa sauti, akasema limekaa chini sana, na kwamba mtu uliyembeba mgongoni hawezi kuandikwa baada ya jirani. Nyamizi akachukua kalamu akaliandika tena.

Wanaokukumbuka ni mume wako Machibya. Mdogo wako Januarius. Watoto wako Masunga, Lucy na Nyamizi. Wakwe na wajukuu zako sita. Na rafiki yako Kija.

Tutakukumbuka daima, Mama, sote kwa pamoja.