Silabi za Baba Kwenye Ndoa ya Zuhura

Jumapili, Iringo, Musoma. Mawingu yamelala juu ya ziwa tangu alfajiri na upepo unaingia mpaka jikoni. Nyumba imepoa baada ya umati wa jana. Masufuria ya kukodi yamepangwa mlangoni yakisubiri kurudishwa. Nimechoka hadi nyayo, lakini nataka kuandika kabla sijaisahau ile sauti.

Jana mdogo wangu Zuhura aliolewa. Na baba yetu alisema.

Baba, mzee Sudi, ni fundi cherehani. Alikuwaga mtu wa maneno. Ukimpelekea kitambaa, unaondoka na shati na hadithi juu yake. Mwaka jana kiharusi kilimpiga, kikachukua mkono wa kulia na ulimi. Mkono ulirudi kidogo. Ulimi haukurudi. Anaelewa kila kitu na anacheka panapochekesha, ila neno likifika mdomoni linakwama, halafu anatazama pembeni kama mtu aliyeaibika mbele za wageni.

Mtaalamu wa mazoezi hospitalini alituambia tuanze na sauti fupi, tuongeze kidogo kidogo.

Kidogo kidogo ndiyo kazi yangu. Nafundisha hesabu sekondari huko Nyamuswa, na kwa muda mrefu nimekuwa na mchezo wangu ambao sikuwa nauonyesha watu: naandika vishairi kwa kufuata namba. Kuna mfuatano ambao kila namba ni jumla ya mbili zilizoitangulia: moja, moja, mbili, tatu, tano, nane. Kila mstari naupa silabi kulingana na namba yake. Niliwahi kuvituma kwenye kundi la washairi kwenye simu, wakanijibu kwamba havina vina wala urari, hivyo si mashairi. Sikuvituma tena, ila sikuacha kuandika.

Form Two wangu ndio waliovipenda. Nilipowafundisha mfuatano huo, nikawaambia kila mmoja aandike chake. Bhoke, binti anayeogopa hesabu kuliko nyoka, aliandika hiki:

La,
la,
ticha,
naomba
tusome nyimbo,
hesabu tufanye kesho.

Darasa zima lilivunjika mbavu. Bhoke alikuwa amehesabu sawasawa bila kujua kwamba ndiyo hesabu yenyewe.

Ndani ya basi la kuja Musoma Ijumaa hiyo, nikafikiri: hivi vishairi vinaanza na silabi moja. Baba naye anaanza na silabi moja.

Nilimwandikia cha kwanza, nikakaa mbele yake, nikawa nagonga meza kwa kidole kila silabi:

Ni
mi.
Baba,
niite.
Jina ni fupi.
Polepole nakungoja.

Jina langu ni Tatu. Wanafunzi hawajaacha kunitania kwa hilo. Baba alitazama kidole changu muda mrefu. Kisha midomo ikakutana. "Ta," akasema. Nikagonga tena. "Tu."

Nilikwenda uani kulia, nikanawa uso, nikarudi kuendelea.

Kaka yetu Hamisi, mwenye duka Bunda, hakupenda. "Tatu, mzee mnamchosha bure. Mwacheni apumzike." Hakusema kwa ubaya. Nilijua anaogopa kutumaini. Hata mimi niliogopa, ila kila Ijumaa nilishuka Musoma na kishairi kipya. Kingine kiligoma kabisa. Herufi ya "r" ilimshinda wiki nzima akatupa kikombe. Niliokota vipande, nikaandika kingine kisicho na "r".

Halafu wakaja watu wa Butiama kumposa Zuhura.

Mama alitutoka Zuhura akiwa bado ananyonya. Baba ndiye aliyemlea, akimlaza kwenye mabaki ya vitambaa chini ya meza ya cherehani. Kwa hiyo nani wa kumwozesha lilikuwa swali lenye jibu moja, mpaka kikao cha familia kilipokaa.

"Baba mdogo atoke Murangi awe wakala," Hamisi alisema. "Sheria inaruhusu. Mzee atatoa ishara tu, yaishe. Mnataka aaibike mbele ya wakwe?"

Baba aligonga mkono wa kiti kwa nguvu. Akajigonga kifua. Akagonga kiti tena.

"Anasema ataozesha mwenyewe," Zuhura akatafsiri, ingawa wote tulikuwa tumeelewa.

Nilikwenda kwa sheikh kumuuliza. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Neno la kuozesha lazima litoke wazi, na bibi harusi atajwe," akasema. "Mahari nitaitaja mimi. Akishindwa, wakala yupo, wala si aibu. Lakini akitaka kujaribu, mimi ni nani wa kumkatalia?"

Nikakaa na kalamu. Sijawahi kuandika kitu kigumu kama kile. "Nimekuozesha" peke yake inakula silabi sita, na Zuhura ana "r" katikati ya jina. Nilifuta, nikaandika, nikafuta. Mwishowe kikasimama:

Mi
ni
baba.
Mwanangu
Zuhura Sudi
nimekuozesha leo.

Tulikifanyia mazoezi mpaka Zuhura akawa anakigonga kwenye ubao wa kukatia vitunguu bila kujijua. Baba alifika mstari wa tatu, wa nne, akarudi wa pili. "Zuhura" alilisema vizuri siku mbili tatu kisha likapotea. Wiki ya harusi ilifika akiwa hajawahi kukimaliza chote hata mara moja.

Nikiri hapa, maana hapa ndipo ninapokiri mambo: Ijumaa nilitamani akubali wakala. Niliogopa kwamba namtuma baba yangu akaanguke mbele ya watu kwa ajili ya mchezo wangu.

Nilimwambia, "Baba, unaweza kumwachia baba mdogo."

Akanitazama kama nimemtukana. Kisha akagonga meza kwa kidole chake mwenyewe, mara moja. "Mi," akasema.

Jana baada ya alasiri wanaume walikaa sebuleni, sisi wanawake chumbani na Zuhura, katikati pazia. Sikuona chochote. Nilisikia sheikh akimaliza hotuba, nikasikia kiti cha baba kikisogezwa, nikajua amempa bwana harusi mkono.

"Mi," baba akasema.

Zuhura akanishika.

"Ni. Baba. Mwa... nangu. Zu."

Neno likakwama.

"Zu. Zu."

Mtu mmoja akakohoa. Nikasikia Hamisi akinong'ona, "Baba mdogo, chukua, chukua."

"Mwacheni," sheikh akasema. "Hatuna haraka."

Nilitaka kugonga ukuta, nimpe mdundo. Mkono niliuinua. Zuhura akaushika, akautelemsha mapajani mwake.

Baba akavuta pumzi, akaanza upya kabisa. "Mi. Ni. Baba. Mwanangu." Akasimama kidogo. "Zuhu... ra. Sudi." Halafu, polepole, kipande kwa kipande, kama anayeshona mbele ya dirisha: "Nime... kuo... zesha."

Nikasubiri "leo".

"Mtunze," baba akasema.

Sikuwa nimemwandikia "mtunze". Hatukuwahi kulifanyia mazoezi. Nilihesabu, siwezi kujizuia: sita na tatu, tisa. Mstari ulizidi silabi moja na mfuatano ukavunjika. Neno lilikuwa la kwake.

Kijana akajibu haraka na kwa sauti, "Nimekubali kumuoa, na nitamtunza, mzee." Hilo la pili halikuwa kwenye utaratibu wa sheikh. Vigelegele vikapasuka hata kabla hatujaruhusiwa. Zuhura alilia hadi wanja ukashuka shingoni na hakuna aliyemkemea.

Baadaye nilimkuta Hamisi uani, amegeukia ukuta, anajifuta macho kwa kofia. Hakugeuka. "Ile karatasi yako," akasema, "uniandikie na mimi. Niwe nafanya naye Jumatano nikija kuchukua mzigo."

Leo asubuhi baba amekaa kibarazani na shuka begani. Nilimpelekea chai na kishairi kipya nilichokiandika baada ya swala. Alikisoma, akatikisa kichwa, akanirudishia. Nikamuuliza amechoka? Akatikisa kichwa tena. Akanyoosha mkono, akachukua kalamu kwa mkono wa kushoto, hakuandika kitu. Aliishika tu.

Nadhani nimemwelewa.

Kesho narudi Nyamuswa, milinganyo inanisubiri. Ijumaa nitashuka tena na mfuatano utaendelea: baada ya nane ni kumi na tatu, mstari mrefu kuliko wote tuliojaribu. Hamisi atasema ni mwingi mno. Nitaipanga mistari yote ya juu kama kawaida, moja mpaka nane. Ule wa kumi na tatu nitauacha mtupu, nikae mbele yake, nifunge mdomo wangu mpaka aujaze.