Kadi ya Tonton

Jumamosi

Sijawahi kumwambia mtu: kabla ya leo sikuwa nimefungua kompyuta hata moja. Nyumbani wananiita enjenia kwa sababu nasoma sana habari za kompyuta, basi.

Tonton Deo, mjomba wangu, alileta kadi ya grafiki kutoka Kamanyola, zawadi kwa kompyuta ambayo maman anachapia kazi za wanafunzi. Kwetu zawadi hutumiwa mbele ya aliyeileta. Kwa hiyo alikaa akingoja, soda mkononi.

Nilifungua kompyuta, nikapima kwa rula ya shule kama kadi itaingia. Nafasi ilitosha. Kisha nikasoma kibandiko cha kile kisanduku kinachogawa umeme ndani: wati 250. Kadi inataka 450, na waya wake wenyewe, ambao hatuna.

"Enjenia, weka tu! Iko inaingia."

"Itaingia, tonton. Lakini courant ya hiki kisanduku haitatosha."

"Courant inawasha hii nyumba yote, ishindwe na ka kadi kamoja?"

Maman alicheka, ila macho yake yalikuwa kwangu. Jumatatu lazima amalize kuchapa mémoire, tasnifu ya mwanafunzi mmoja. Kisanduku kikiungua, hatuna kingine.

Nilikaribia kuiweka, kwa aibu tu. Kumkatalia mkubwa, tena mbele ya maman...

Nilisema hapana. Tonton akamaliza soda yake.

Niliifunga kadi katika kitambaa, nikamrudishia kwa mikono miwili. Nikakaza skrubu zote, nikawasha kompyuta. Iliwaka. Nikamwachia maman kiti.