Sevu Kabla ya Kusimama

Mzee wangu,

Mashine inawaka, kompyuta yako ile kuukuu. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza kama Mama Wekesa amekula. Inawaka, inachapa, inanguruma ile ngurumo yake ya posho mill, na kitambaa alichokifuma mkeo bado kiko juu yake. Kina doa la chai ambalo sitasema ni la nani.

Ni miezi minane tangu tukuzike Bungoma. Nakuandikia hapa dukani Makina, mchana, hakuna mteja, na nimekaa kwenye kiti chako. Ndiyo, chako, kile cha chuma alichokuchomelea mwanao Wekesa. Usinune kabla sijamaliza.

Lakini nianze na aibu. Unajua kwamba wasifu wako wa mazishi uliuandika mwenyewe mapema, ukauweka ndani ya mashine, ukatuambia sote: siku ikifika, Achieng abonyeze tu, karatasi itoke. Siku ilifika. Achieng akabonyeza. Mashine ikanyamaza kimya. Nilibonyeza tena, nikapuliza, nikaipiga kofi la ubavuni kama ulivyokuwa ukifanya. Nikafungua, nikapangusa vumbi kwa brashi ya rangi, nikatoa ile kadi ya memori nikaisugua kwa rabba ya shule mpaka ikang'aa. Hakuna. Hata taa ndogo haikuwaka. Halima alitoka kwenye karai lake la mandazi hapo mlango wa pili, akaitazama, akasema kwa sauti ya chini, "Iache, mama. Inaomboleza."

Nami niliamini, Mzee. Kwa nini nisiamini? Miaka sita nimekaa kwenye kistuli cha pembeni, kibodi mapajani, wewe kwenye kiti chako ukinisomea mwandiko wa watu kwa sauti, na kila mara ulisema, "Hii mashine inanijua mimi." Hukuniacha nayo peke yangu hata siku moja. Ukitaka kutoka, hata kwenda haja tu, uliizima kwanza wewe mwenyewe, eti ipoe. Nawe ulikuwa na amri moja kubwa kuliko zote: "Sevu kabla mtu hajasimama!" Nilidhani kuhifadhi kazi kila mara ni nidhamu ya ofisi.

Basi Wekesa akachukua habari zako kwa mdomo akazipeleka kwa saiba moja, duka la kompyuta la jirani yake kule Kawangware. Vijana wa huko wana haraka. Walifungua wasifu wa marehemu mwingine, wakafuta jina, wakaweka lako, wakabadilisha kijiji, wakachapa nakala mia mbili. Pasta naye ni mtu wa kusoma kilichoandikwa. Mbele ya wazee wote wa ukoo alitangaza, bila kupepesa macho, kwamba ulikuwa mwenyekiti shupavu wa kikundi cha akina mama, na kwamba ulibarikiwa kujifungua watoto wanne salama. Mjomba wako aliitikia "Amina" kabla hajaelewa. Mama Wekesa alijifunika leso usoni, mabega yakawa yanatetemeka, watu wakamhurumia, na mimi niliyekaa karibu naye ndiye niliyejua kwamba alikuwa anacheka. Alicheka mpaka kilio kikamjia, akalia kweli.

Tuliporudi Nairobi, Wekesa alikuja dukani akasimama mlangoni kwa mikono kiunoni. "Achieng, mimi sina ubaya," akasema. "Lakini hii kitu imezeeka kushinda mimi. Nakupea mpaka mwisho wa mwezi. Ikikataa kuwaka, inaenda kwa watu wa vyuma, na hapa tunaweka kitu ya maana, hata kama ni chipsi." Mimi kazi nyingine sijui, Mzee. Najua kuchapa yale uliyonisomea. Na ndani ya lile sanduku mlikuwa na kila kitu chako, ule wasifu wako wenyewe, kadi za harusi za watu wa Soweto East, barua za kuomba kazi za nusu ya Kibera. Lingepimwa kwa kilo kama sufuria lililotoboka.

Mwisho wa mwezi Wekesa akaja na mkokoteni. Ameusukuma kutoka Kawangware kwa jua, jasho linamtiririka, na kabla ya kung'oa nyaya akasema acha nipumzike kidogo. Akajitupa kwenye kiti chako.

Pii!

Mashine ikalia. Feni ikanguruma, skrini ikawa buluu. Wekesa akaruka kama amekalia makaa, "Baba?", na alipoinuka tu, mashine ikazima. Tukatazamana. "Umeguza nini?" akaniuliza. "Sijaguza kitu." Akakaa tena, polepole, kwa ncha ya makalio. Kimya. Akajaza kiti. Pii! Halima alifika na mwiko mkononi, akasema Bismillahi, kisha akamwamuru, "Kaa hapo hapo. Usisimame."

"Nakaa mpaka saa ngapi? Niko na mageti ya watu Kawangware!"

"Mpaka babako akuruhusu."

Nisikufiche, tuliamini ni wewe. Uliiweka mwenyewe iamke stima ikirudi, maana stima ya Makina huondoka bila kuaga, lakini siku hiyo nani angekumbuka hayo? Tuliona tu kwamba Mzee anataka mwanawe arithi kiti. Mkokoteni ulirudi mtupu. Na Jumamosi mbili mfululizo Wekesa wako, fundi wa welding mwenye wafanyakazi wake, alitoka Kawangware akaja kukaa kwenye kiti chako kutwa nzima ili mimi nichape. Hakufanya kitu kingine. Alikaa. Akasinzia, akala mandazi ya Halima, akaamka na kuniuliza kwa unyonge, "Umesevu? Naeza simama?" Wateja walidhani ni mlinzi.

Jumamosi ya tatu kalamu ilinianguka. Nikainama kuiokota, na nikiwa kule chini Wekesa akajigeuza kitini, na nikaona ubao wa sakafu unabonyea. Ukibonyea, mashine inanguruma. Ukiinuka kidogo, taa inapepesa. Nikachungulia kwenye ufa, nikaona waya wako wa stima unapita chini ya ule ubao, umeungwa katikati, umefungwa tepu nyeusi iliyochakaa. Uzito wa kiti ndio ulioshikanisha ile sehemu iliyoungwa. Haikuwa roho, Mzee. Haikuwa mapenzi wala maombolezo. Ilikuwa ni unene.

Nilimwambia Wekesa ainuke, nikaweka mtungi wa maji wa lita ishirini miguuni pa kiti kufidia wembamba wangu, nikakaa mwenyewe. Pii! Mwanao alifurahi kama mtu aliyetolewa jela. Alikubali mashine ibaki, lakini kwa sharti lilelile, kwamba siku itakayogoma anarudi na mkokoteni. Akaondoka mbio, asije akabadilishiwa hukumu.

Hivyo ndivyo nimefanya kazi tangu hapo, mimi na mtungi. Wateja wakiuliza, niliwaambia maji ni ya kupoza kompyuta, na wakaitikia kwa heshima. Shida ilikuwa Halima. Unajua shida ya maji hapa, na unajua Halima haombi, huchota huku anaomba. Siku moja nikiwa ukurasa wa pili wa programu ya mazishi, sijasevu, nikasikia tu "Achieng, nakopa kidogo ya unga," na glagla, glagla, maji yanaingia kwenye jagi lake. Nikapiga ukelele. Skrini ikawa nyeusi. Marehemu wa watu alipotea mara mbili. Nilimfokea Halima siku hiyo vibaya, maana kuzimika ghafla kama kule ndiko kunakoua mashine nzee, naye akanuna, kisha jioni akaniletea mandazi sita ya msamaha. Tangu hapo akawa anachota, mashine inazima, ananiletea sita. Nilipomkataza kuchota aliendelea kuleta sita kwa mazoea.

Utaniuliza kwa nini sikumwita fundi wa stima. Nilimwita. Alitazama akasema ni kazi ndogo, ang'oe ubao mmoja tu. Nikamwambia aje kesho. Kesho nikamwambia aje kesho. Ile misumari uliipigilia wewe, na sikutaka mtu mwingine aing'oe. Na kusema kweli, kuna raha fulani ilikuwepo katika kujua kwamba duka zima bado linangoja uzito wako. Najua ni ujinga. Nilikuwa nabeba maji kila asubuhi kwa ajili ya ujinga huo, na sikujali.

Lakini leo asubuhi nilikuwa nachapa barua ya kuomba kazi ya msichana mmoja wa Nyayo Highrise. Halima akaingia. Hakuchota. Aliubeba mtungi wote, mzimamzima, akatoka nao. Nilifumba macho nikangoja giza. Nikangoja. Feni inanguruma. Nikafungua jicho moja. Barua iko, na nukta zake zote. Halima akachungulia mlangoni, akanitazama juu mpaka chini, akaitazama mashine, kisha akatabasamu kwa madaha. "Achieng," akasema, "umenawiri."

Mandazi sita kwa siku, Mzee. Nguo zangu za kanisani zilishagoma kitambo, nikadhani ni sabuni.

Sikuwa na sababu tena ya kumwambia fundi aje kesho. Alikuja mchana huu, akang'oa misumari yako minne, akainua ubao wote. Na hapo ndipo tulipoona vile vipande vya katoni. Vitano, umevikata vizuri kwa mkasi kutoka kwenye maboksi ya karatasi zetu, umevipanga chini ya waya kimoja juu ya kingine, ili waya uinuke kuelekea kwenye ubao. Kila kipande umekiandika kwa penseli, kwa zile tarakimu zako kubwa. Cha chini kabisa kimeandikwa 98. Kinachofuata 91. Kisha 85. Kisha 77. Cha juu, ambacho bado ni kisafi, 70.

Fundi akauliza kama ni vipimo vya waya. Halima alielewa kabla yangu. Alikaa chini hapo hapo sakafuni, kwenye vumbi, na buibui lake safi, akasema, "Ni kilo zake."

Kwa hiyo ulijua. Ulijua kuhusu waya miaka yote, na ulituacha tuamini kwamba mashine inakupenda. Hilo nakusamehe, hata nacheka. Lakini ulituambia suruali zinakulegea kwa sababu umeacha sukari kwenye chai. Ulikuwa unatoka kliniki, unafungua duka kabla sijafika, unang'oa misumari, unaongeza katoni, unapigilia, kisha mimi nikiingia unaniambia "Heri ya mwaka mpya!" kwa sababu betri ya saa ya mashine ilikufa zamani na kila asubuhi inaamka ikiamini ni tarehe moja Januari. Na mimi nilicheka, nikachukua kibodi. Miaka sita nimekaa umbali wa mkono kutoka kwako na sikuona. Nimekasirika, Mzee. Nimekasirika na wewe, na nimejikasirikia, na nimelia mbele ya fundi wa stima ambaye hakujua aangalie wapi.

Na jambo jingine. Miezi yote hii nimebeba maji, wakati katoni moja ingetosha!

Waya sasa umeungwa vizuri. Fundi amenionya kwamba tulikuwa tumekalia moto, na kwamba Makina nzima ingeweza kuwaka kwa sababu ya kiti kimoja. Katoni zako nimezikunja nikaziweka chini ya ule mguu wa meza unaoyumba. Meza imetulia, na najua ungependa zifanye kazi.

Wasifu wako nimeuchapa leo, ule wa kweli, ambao kabla ya leo nilikosa moyo wa kuufungua. Hakuna kujifungua. Nakala ya kwanza ni ya Mama Wekesa, ya pili Wekesa atakuja kuchukua, bila mkokoteni. Penye orodha ya uliowaacha umetaja mke, watoto wanne, wajukuu, halafu ukaandika "na Achieng, ambaye anachapa haya." Ulijua nitakuwa hapa. Nimeusoma mstari huo mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri.

Sasa ahadi yangu. Kila Jumamosi nitaifungua, nitaipangusa kwa brashi, nitaisugua kwa rabba, na feni itapata tone lake la mafuta ya cherehani. Betri ya saa sitaibadilisha, wateja wameshazoea salamu. Na mimi mwenyewe nikianza kupungua, nitamwambia mtu. Nitamwambia siku hiyo hiyo. Halima anasema hilo halina dalili ya kutokea karibuni.

Lala salama, Mzee wangu. Heri ya mwaka mpya.

Nimesevu. Sasa nasimama.

Achieng wako